Mwaka Niliokaa kwa Mama Ewoi

Asekon, bintiye Mama Ewoi, alinipigia simu mchana, nikiwa jikoni kwangu Kitale nikichambua maharagwe. Hakusalimu. Alisema tu, "Rispa, Mama ameenda," kisha nikasikia mbuzi wakilia upande wake na ule upepo wa Lodwar unaopuliza hadi ndani ya simu. Nilimuuliza watazika lini. "Jumamosi," akasema. "Lakini wewe usingoje Jumamosi. Kuja." Mume wangu ni mtu mpole, asiyeniuliza mengi kuhusu yaliyonipata kabla yake. Alinitolea shuka kabatini bila kuambiwa, akanisindikiza hadi stendi. Siku hizi barabara ya kupanda Turkana ni lami karibu yote, hata ile ya kutoka Lodwar kwenda Kakuma, na watu husinzia njia nzima. Mimi sikusinzia. Nilikuwa nikiiwaza nyumba moja ya vyumba vitatu vya mabati na jiko la udongo, karibu na laga ya Kawalase, mto usio na maji siku nyingi, ambako niliishi mwaka 2013. Nimekaa kwingine miaka mingi zaidi, lakini nikiota nyumba, huota ile.

Nilikuwa sijafika miaka thelathini. Nilifanya kazi ya ukarani katika ofisi ya baraza la mji, kupokea barua na kuchapa barua, yote kwa Kiingereza, ingawa nikitoka nje ya lango hakuna aliyenisemesha Kiingereza. Mama Ewoi alinikodisha chumba cha katikati. Yeye alilala cha mwisho, na cha kwanza kilikuwa cha mwanawe Ewoi, dereva wa lori, ambaye mara nyingi hakuwepo kwa sababu alikuwa akibeba mizigo ya wenye maduka kati ya Lodwar na Kakuma. Asekon alikuwa ameolewa Lokichar. Kwa hiyo siku nyingi tulikuwa wawili tu, mimi na Mama. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha chuma, meza moja, na dirisha la mbao ambalo ukilifungua saa nane mchana hewa inaingia kama mtu amefungua tanuri. Usiku tulitoa magodoro tukalala nje uani, kama Lodwar yote inavyolala, na hapo ndipo nilipojifunza kusikiliza. Majirani walizungumza wakiwa wamelala chali, sauti zikipita juu ya ua wa vijiti. Tangu mwaka uliotangulia habari ilikuwa mafuta. "Wanasema mafuta iko huko Lokichar, chini kabisa," jirani mmoja angesema. "Itakuja kwa bomba," mwingine angejibu. Na Mama, ambaye nilidhani amelala, angesema pole pole, "Ikuje. Lakini kwanza ilete dawa ya mbuzi." Ukame wa miaka iliyopita ulikuwa umemaliza mifugo yake, na alikuwa akianza upya na mbuzi wachache aliowajua mmoja mmoja kwa mlio.

Chakula kilikuwa kidogo na kilikuwa kizuri. Asubuhi chai ya maziwa ya unga, tamu mno, na mandazi kutoka kibanda cha barabarani. Jioni Mama alipika mahindi na maharagwe, au samaki mkavu wa ziwani aliyelowekwa na kuchemshwa na nyanya na kitunguu, harufu yake ikabaki kwenye nguo zangu hadi ofisini. Alipika akiwa ameketi juu ya kigoda kidogo sana, miguu imenyooka mbele, shanga zimepangana shingoni hadi kidevuni. Sufuria ikichemka, mikono yake haikukaa bure, alisuka vikapu vya majani ya mkoma. Mara ya kwanza nilipotaka kumsaidia kupika alinitazama nilivyokata kitunguu, akasema, "Nyinyi watu wa Kenya mnakata kama mnaandika barua." Watu wa Lodwar walisema hivyo, kwamba anayeenda kusini anaenda Kenya, na anayetoka kusini ametoka Kenya. Mwanzoni ilinichoma kidogo. Baadaye niliielewa. Tulikuwa kama kisiwa, hatukuzungukwa na maji bali na mchanga na umbali, na habari za nchi zilitufikia zimechoka.

Uchaguzi ulikuwa mwezi wa tatu. Kila mtu alikumbuka uchaguzi uliotangulia na damu iliyomwagika huko kusini, na sisi tuliotoka sehemu nyingine tulianza kuhesabiana kwa macho. Wenzangu wa ofisini waliomba likizo mmoja mmoja. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa Nyeri, alipakia watoto wake akawapeleka nyumbani. Mimi nilikuwa nimejiandikisha kupiga kura Lodwar, na sikujua niende au nibaki. Jioni moja nilisikia jirani akimuuliza Mama uani, bila kujua nipo ndani, "Huyo madam wako atabaki?" Mama akasema, "Atabaki wapi tena? Hapa ni kwake." Kesho yake alininunulia unga, akajaza mitungi yote ya maji, akahamisha godoro langu hadi chumbani kwake. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Mtu akikuja kuuliza, mimi ndio nitaongea. Wewe utanyamaza." Hakuna aliyekuja kuuliza. Lakini usingizi niliolala siku zile, nikisikia pumzi za yule mama mlangoni, sijaupata tena mahali popote.

Siku ya kura yenyewe ndiyo iliyonikutanisha vizuri na Ewoi. Hadi hapo tulikuwa tukisalimiana tu, ejok, ejok, yeye akiingia na vumbi la Kakuma hadi kwenye nyusi, mimi nikitoka kwenda kazini. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye pengo la meno ya chini kama wazee wa kwao, na alizungumza kidogo kuliko madereva wote niliowahi kuwajua. Foleni ilianza kabla ya jua na ikazunguka shule ya msingi yote. Karatasi zilikuwa sita, za rangi mbalimbali, na wazee walitoka vyumbani wakiwa wamechanganyikiwa. Ewoi alikuwa nyuma yangu. Jua lilipopanda alivua kofia yake akanivisha bila kusema kitu, kisha akasimama kichwa wazi. Nilipomwambia ataungua alisema, "Mimi niliungua zamani. Sasa nimeiva." Nilicheka hadi mama aliyekuwa mbele yangu akageuka. Tulikula mayai ya kuchemsha aliyonunua kwa mchuuzi, tukagawana maji ya chupa moja, na tulipofika mlangoni nilitamani foleni iwe ndefu zaidi. Baada ya wiki chache fundi alikuja ofisini na ngazi na mkebe wa rangi, akafuta maneno ya baraza la mji kwenye ubao wa langoni, akaandika Serikali ya Kaunti. Sote tulitoka nje kutazama. Watu walipiga makofi, na mzee mmoja akauliza kama sasa Kenya itakuja kutembelea.

Mafuriko yalikuja mwezi wa nne, mchana, na Lodwar haikuwa imepata hata tone. Hilo ndilo watu wa mbali hawaelewi nikiwasimulia. Laga ni mto mkavu, barabara ya mchanga ambamo watoto hucheza mpira na wanawake huchimba visima vya kuteka maji. Mvua inanyesha milimani, huko usikoona, na maji yanakuja yenyewe. Nilikuwa nimerudi nyumbani kula. Mama aliinua kichwa kutoka kwenye kikapu chake, akasikiliza, mimi sikusikia chochote. Akasema, "Toka." Nilidhani ameona nyoka. "Rispa, toka, beba mbuzi." Ndipo nikausikia, mngurumo kama wa malori mengi yakipanda mlima. Tulikimbia kuelekea kwenye kilima cha mawe, kila mmoja na mbuzi mdogo kifuani na wakubwa wakitufuata, na nilipogeuka Kawalase ilikuwa imejaa ukingo hadi ukingo, maji ya rangi ya chai, yakibeba miti mizima, magunia ya makaa, mlango wa mtu, ng'ombe aliyekuwa bado anainua kichwa. Ukuta wa jiko letu uliyeyuka mbele ya macho yetu. Haukuanguka, uliyeyuka kama sukari. Mama alitazama hadi mwisho, kisha akasema, "Sufuria kubwa," basi. Mlango wa pili kutoka kwetu kulikuwa na mzee kipofu aliyeishi na mjukuu wake, na wote wawili hawakuonekana kilimani jioni ile wala kesho yake.

Tulilala katika darasa la ile shule tuliyopigia kura. Mishale ya chaki ya kuwaelekeza wapiga kura bado ilikuwa ukutani, na picha za wagombea zilikuwa zimebandikwa kwenye mti nje, wakitutabasamia. Familia tano katika chumba kimoja, kila moja na pembe yake. Barabara ya Kitale ilikatika huko kusini, ya Kakuma ilikatika kaskazini, na unga madukani ukapanda hadi watu wakaacha kuuliza bei. Ewoi alikuwa Kakuma na lori lake, simu hazipiti. Mama hakumtaja. Lakini kila asubuhi alikwenda kusimama ukingoni mwa laga, akitazama ng'ambo, na mimi nikaanza kwenda naye kabla ya kazi. Tulisimama tu. Sikumwambia kwa nini nimekuja na yeye hakuniuliza.

Ewoi aliliacha lori upande wa pili na kuvuka kwa miguu maji yalipofika mapajani, kifurushi kichwani. Tulimwona akiwa mbali. Mama hakukimbia, hakupunga mkono, alikaa chini pale pale mchangani. Kwenye kifurushi kulikuwa na anjera, zile chapati chachu za Wahabeshi wa Kakuma, zilizofungwa gazetini, dengu kwenye mkebe, na sukari. Tulikula darasani, mchuzi ukitudondokea vidoleni, tukawagawia watoto wa pembe nyingine, na ile chachu ya anjera ambayo sikuipenda zamani niliipenda siku hiyo kwa maisha yangu yote. Baada ya kula Ewoi alisafisha koo. "Mama," akasema, "mimi nataka kuoa huyu madam." Alisema hivyo mbele ya darasa zima. Sikuwa nimeambiwa kitu, ingawa ningedanganya nikisema nilishangaa. Mama aliendelea kulamba dengu kwenye kidole. "Mwulize yeye. Mimi nilijua kitambo. Kukohoa kwako kulibadilika tangu akuje." Ewoi akanigeukia. Nikasema, "Ndiyo," na bibi mmoja kule nyuma akapiga kigelegele, akaniuliza kwa Kiturukana kama najua kukama mbuzi.

Nikiyatazama sasa, naona kwamba miezi iliyofuata ndiyo mwaka wenyewe, ingawa haikutokea kitu kikubwa ndani yake. Tulijenga jiko upya. Ewoi alileta mawe kwa lori, mimi nilikanyaga udongo Jumamosi, Mama alisimamia na kukosoa. Ng'ambo ya laga nyasi ziliota mahali ambapo sikuwahi kuona jani, na mbuzi wakazaa. Jumapili tulikwenda kanisani watatu, tukirudi Ewoi ananunua soda tatu, na Mama anaimaliza yake kwa siku mbili. Mara moja nilisafiri na Ewoi hadi Kakuma. Alinitembeza kwenye soko la kambi ya wakimbizi, ambako Msomali anauza vitambaa, Mkongomani ananyoa watu nje akipiga muziki, na watoto wanasema lugha tano kwa sentensi moja. Tulikaa kwenye duka la kahawa la mwanamke wa Kihabeshi, na niliona fahari ya ajabu jinsi watu walivyomwita jina kila tulipopita. Mwezi wa tisa redio ikatangaza kwamba wataalamu wamegundua maji mengi chini ya Turkana, ziwa zima chini ya mchanga. Ofisini watu walikumbatiana. Nilikimbia nyumbani kumwambia Mama, nikamkuta akirudi kutoka lagani na mtungi. Alinisikiliza hadi mwisho. "Maji iko chini tangu zamani," akasema. "Sasa wameambia nani?" Usiku ule, uani, majirani walizungumza juu ya maji kama walivyozungumza juu ya mafuta, mashamba ya mahindi kila mahali, na Ewoi alininong'oneza kwamba tukioana atapanda mwembe mmoja tu, aone kama ni kweli.

Tulikubaliana harusi iwe baada ya Krismasi. Alihitaji mbuzi na ngamia wa kutoa mahari, na safari za Juba zilikuwa zinalipa vizuri kuliko za Kakuma, kwa hiyo mwezi wa kumi na moja akachukua mzigo wa saruji kuvuka mpaka wa Lokichoggio. Aliondoka asubuhi. Alikunywa chai amesimama, akamwambia mamake kwaheri, akaniambia nisikate kitunguu chote. Alipiga simu kutoka Juba akasema atapeleka mzigo mwingine Bor kisha arudi. Katikati ya Desemba nilikuwa ofisini tuliposikia redioni kwamba Juba inapigana. Nilimpigia. Simu ilikuwa imezimwa. Nilimpigia kila siku hadi sauti ya yule mwanamke wa mtandao ikawa kama ya mtu ninayemchukia kwa jina.

Krismasi tulipika mbuzi kwa sababu Mama alisema lazima tupike. Siku iliyofuata nilimwambia nakwenda Kakuma. Alinipa shuka lake, akasema, "Uliza madereva. Usiulize ofisi." Kakuma ilikuwa imejaa. Watu walikuwa wakishuka kwenye malori na mabasi kutoka mpakani, wanawake warefu wenye watoto mgongoni na hakuna kingine mikononi. Nilizunguka maduka ya Wasomali waliomjua Ewoi, na kila mmoja alitikisa kichwa, hadi dereva mmoja aliyekuwa Juba wakati ule aliponiambia kuna mwanamke anaitwa Achol, alikuwa akiwapikia madereva kule Bor, na amefika juzi. Nilimkuta ameketi nje ya hema, mtoto amelala mapajani mwake. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kimechanganyika na Kiarabu cha Juba. Nilimwambia namtafuta Ewoi, Mturukana, dereva. Aliinua macho akaniuliza, "Wewe bibi yake?" Nikasema ndiyo.

"Yeye kuja kwangu asubuhi," Achol alisema. "Mimi napika kisra na bamia. Yeye kula. Halafu bunduki inaanza karibu. Yeye anasema, panda, panda wote. Hapana uliza wewe kabila gani. Watu wengi juu ya lori." Walitoka mjini wakafika mbali, akadhani wamepona. Kisha wakapigwa risasi kutoka vichakani. Ewoi aliendelea kuendesha, akapita, akaenda mwendo mrefu bado, ndipo akasimamisha lori vizuri kando ya njia na kulala juu ya usukani. Risasi ilikuwa imempata ubavuni na hakuwa amemwambia mtu. Wanaume walimzika hapo hapo, mmoja wao akashika usukani, na ndivyo walivyofika. "Sisi wote hapa," Achol akasema, akigeuza mkono kuonyesha mahema na watoto, "ni yeye." Alimlaza mtoto kando, akainuka akatafuta kikombe, akanipa maji, akakaa tena kando yangu, bega kwa bega, hadi jua likahama.

Nilirudi Lodwar kesho yake. Mama alikuwa kwenye jiko jipya, na aliponiona mlangoni aliteremsha sufuria kabla sijasema neno. Nilimweleza yote kama nilivyoelezwa. Hakulia. Aliuliza ni nani aliyemzika, nikamwambia. Aliuliza kama walimlaza vizuri, nikamwambia Achol alisema walimfunika na nguo safi. Kisha akasukuma kuni ndani ya moto. "Alikuwa amekula?" akauliza.

"Alikula, Mama. Kisra na bamia. Achol anasema aliongeza."

"Aliongeza?"

"Aliongeza mara mbili."

Aliitikia kwa kichwa pole pole, kama mtu anayekubali bei. Ndipo akaanza kuvua shanga zake, uzi kwa uzi, akiziweka chini kwenye majivu, hadi shingo yake ikabaki wazi, nyembamba, shingo ambayo sikuwahi kuiona. Jirani alikuja na wembe akamnyoa, kama wanyolewavyo wafiwa wa kwao. Nilikuwa nimesimama ukutani, sijui mahali pangu. Nilikuwa mpangaji, mtu wa Kenya, msichana ambaye hakuna mbuzi aliyetolewa kwa ajili yake. Jirani alipomaliza alianza kukunja wembe, na Mama akamshika mkono.

"Bado," akasema. Akapapasa kigoda chake, kile kidogo alichopikia, akakisogeza mbele yake. "Rispa. Kuja ukae. Wewe pia ni wake."

Nilikaa. Nikafungua kitambaa, nikainamisha kichwa, na Mama akakishika kwa mikono yake miwili, yenye harufu ya moshi na mkoma, akakishikilia imara hadi nywele zote zikaisha.